Daktari ameniambia ninasaga meno, nami sijui ni saa ngapi

Mheshimiwa Mshauri,

Asalaam aleikum. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mhasibu katika kampuni moja ya usafirishaji hapa Tanga, nina mke na watoto watatu. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, lakini sikudhani kwamba ipo siku nitaiandikia mwenyewe, kwa kuwa nilijihesabu miongoni mwa watu wasio na shida ya kupeleka kwa mtu.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kwa daktari wa meno kwa ajili ya gego moja lililokuwa likifanya ganzi kila ninapokunywa maji ya baridi. Baada ya kunichungulia kinywani aliniuliza kama ninasaga meno, nami nikamjibu bila kusita kwamba sisagi. Akanipa kioo nijionee: magego ya pande zote mbili yamelika hata vichwa vyake vimekuwa bapa, na moja lina ufa. Akasema hali kama hiyo haiji kwa mwaka mmoja. Nilitoka pale nimeudhika kidogo, nikapanda daladala, na kabla hatujafika kituo cha pili niligundua kwamba meno yangu yamebanana kwa nguvu kiasi cha kuumiza hadi masikioni. Nikayaachia. Punde nikayakuta yamebanana tena, wala si mimi niliyeyaamuru.

Tangu siku hiyo ninajiuliza ni mambo mangapi mengine ambayo mwili wangu unayafanya na mimi sina habari. Mke wangu huniambia, "Umekasirika," nami humkatalia, kisha baada ya nusu saa nikajiona kweli nimekasirika. Hurudi nyumbani jioni ndipo nikakumbuka kwamba sijanywa maji tangu asubuhi. Hata katika sala, Mwenyezi Mungu anisamehe, mara nyingi hujikuta nimefika rakaa ya tatu na sikumbuki nilivyozisali mbili za mwanzo.

Mshauri nasaha mmoja, ambaye ni jamaa ya rafiki yangu, alinielekeza niwe ninaandika shajara kila usiku ili niujue mwili wangu na niipate akili yangu pale nilipo. Nikanunua daftari la jalada gumu, na kwa wiki tatu nikaandika kila usiku watoto wakishalala, siku nyingine hata kurasa nne. Nanukuu kipande kimoja: "Leo meneja amenirudishia hesabu mbele ya watu kwa mara ya pili. Huu ni mwaka wa sita ananifanyia hivi. Nilipaswa kumjibu pale pale, nilipaswa kumwambia kwamba kosa lilikuwa la ofisi yake." Juzi nilizisoma kurasa zote tangu mwanzo, nikaona kwamba mwili haumo kabisa, hamna taya, hamna bega, hamna tumbo. Na baya zaidi ni kwamba kila nikifunga daftari usingizi huwa umeshakimbia, nikalala nikiuendeleza ule ugomvi kichwani. Nilipojilazimisha kuuangalia mwili wenyewe, nikaanza kuyasikiliza mapigo ya moyo, na sasa ninayahesabu kila mara kwa hofu ya kwamba nina maradhi ya moyo, ingawa nimepimwa shinikizo la damu nikaambiwa ni la kawaida. Kichwa nacho huniuma, na siku za kufunga hesabu za mwezi hupita nikimeza vidonge vya maumivu karibu kila siku.

Naomba kuuliza: je, kuandika huku kuna faida ya kweli, au ni desturi ya watu wenye nafasi? Kama kuna faida, mimi nimekosea wapi? Na nifanye nini kwa mke wangu, ambaye ameliona daftari chini ya nguo zangu na sasa anaamini lina siri? Nakiri pia kwamba ninaona haya. Mtu wa umri wangu kuandika "leo nimehisi hivi" ni jambo ambalo wenzangu wa barazani wangelicheka mpaka magharibi.

Msomaji wenu, Tanga

*

Ndugu yangu,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonishika ni ile safari ya daladala. Watu wengi huambiwa na daktari jambo lililo katika miili yao, wakabisha, na habari ikaishia hapo. Wewe uliambiwa, ukabisha, kisha ndani ya dakika chache ukaukamata mwili wako ukilitenda jambo lile lile. Ule mkupuo mmoja wa kushtuka na kuyaachia meno ndio ujuzi wote unaoutafuta, na tayari umeshaufanya mara moja bila daftari. Kazi iliyobaki ni kuufanya utokee mara nyingi zaidi.

Lakini kabla ya daftari niseme mambo mawili ya hospitali, maana sitaki kalamu ichukue nafasi ya kipimo. La kwanza ni kwamba maumivu ya taya yanaweza kutoka kwenye moyo. Yakija unapopanda ngazi au unapobeba mzigo na kutulia unapopumzika, au yakifuatana na kifua kubanwa, maumivu ya mkono, kukatika pumzi au jasho la baridi, usiandike chochote. Nenda hospitali saa ile ile. Taya inayouma kwa kubanwa meno kutwa nzima mbele ya kompyuta ni jambo jingine, lakini mpaka huo auweke daktari, usiuweke wewe kwa kukisia. La pili ni vidonge. Mtu mwenye maumivu ya kichwa anayemeza dawa za kawaida za kutuliza maumivu kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kufikia mahali ambapo dawa zenyewe ndizo zinazokiendeleza kichwa kuuma, na kwa dawa zilizochanganywa, yaani kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja ndani yake, kiwango ni siku 10 tu. Wewe unasema "karibu kila siku" mwishoni mwa mwezi. Hujui ni siku ngapi, na hapo pekee daftari lingekuwa limekwisha kulipa bei yake. Kuanzia leo weka alama ya kidonge mbele ya tarehe kila unapomeza, kisha umpelekee daktari wako hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye kosa lako, ambalo si kubwa na si lako peke yako. Uliambiwa uandike ili uujue mwili, lakini hakuna aliyekuonyesha namna mwili unavyoandikwa, kwa hiyo ukaandika kile ambacho kila mmoja wetu huandika akipewa karatasi tupu usiku, yaani mashtaka. Kipande ulichoninukulia kina meneja, kina miaka sita, kina maneno mawili ya "nilipaswa". Ni maelezo ya kesi, na kesi haina mwisho kwa sababu hakimu, mshtaki na shahidi wote ni wewe. Akili inayolirudia jambo moja kwa njia hiyo haipati nafuu kwa sababu tu sasa inalirudia kwa wino, na wakati ule ule wa kuandika, naamini kabisa, taya zako zilikuwa zimekaza na hukuliandika hilo.

Uniruhusu nitumie kazi yako. Wewe ni mhasibu, na hupitishi malipo kwa sababu mtu amekuhadithia kwamba alinunua mafuta ya gari. Unataka risiti yenye tarehe, mahali na kiasi. Katika daftari lako umekuwa ukipokea hadithi bila risiti. Risiti ni mwili: saa ngapi, sehemu gani, namna gani, kwa muda gani. Hadithi ya meneja inaweza kuja baadaye, au isije kabisa.

Yupo aliyeifanya kazi hii kwa utaratibu tangu zamani kidogo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo cha tiba cha Massachusetts, mjini Worcester nchini Marekani, mafunzo, ambayo leo huwa ya wiki nane, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewafikisha mbali. Wengi wanajua kwamba mafunzo hayo yana kukaa kimya na kulala chali huku mtu akiupitia mwili kwa mawazo kuanzia vidole vya miguu. Wachache wanajua kwamba ndani yake mna karatasi ya kuandika. Katika wiki moja ya mwanzo mwanafunzi huandika kila siku tukio moja la kupendeza, na wiki inayofuata tukio moja lisilopendeza, na karatasi imegawanywa kwa safu: tukio lilikuwa nini, je, ulilitambua wakati lilipokuwa likitokea, mwili ulihisi nini hasa, moyoni na mawazoni mlipita nini, na sasa unapoandika unafikiri nini. Tazama jinsi safu hizo zilivyo finyu. Hamna nafasi ya kurasa nne. Tazama pia ile safu ya pili, inayouliza kama ulikuwapo jambo lilipotokea, kwa maana kwangu mimi hiyo ndiyo safu yenye thamani kuliko zote, na ndiyo uliyokuwa ukiijibu bila kujua pale ulipoandika kuhusu rakaa ya tatu.

Kwa hiyo daftari la jalada gumu liweke kando. Tafuta kijidaftari cha kuingia mfuko wa shati, na uandike mara tatu kwa siku, kamwe si kitandani. Wewe unasali, basi saa zako zimekwisha kupangwa: baada ya kutawadha kwa adhuhuri, baada ya kutawadha kwa alasiri, na mara ya tatu kabla ya chakula cha usiku. Nimeichagua saa ya udhu kwa makusudi. Maji yanapopita usoni na kwenye mikono hadi viwikoni mwili huwa umekwisha kuamshwa, na ni rahisi zaidi kusikia uso uliokunjana ukiwa umetoka kuupitishia viganja. Masheikh huwafundisha watu kuhudhurisha moyo katika sala, na sitaingilia kazi yao. Ninasema tu kwamba mtu asiyejua mabega yake yako wapi atapata shida kuuleta moyo mahali mwili ulipo.

Ukishafungua kijidaftari, usiandike kwanza. Shika kalamu, na uanze na mkono uliokamata hiyo kalamu. Umeikaba? Kidole cha shahada kimekuwa cheupe kwenye kiungo? Kifundo cha mkono je? Panda polepole: kiwiko, bega, shingo, taya, ulimi, paji la uso, shuka kifuani, tumboni, kwenye makalio yaliyoelemea kiti, hadi nyayo. Haihitaji kupita dakika moja au mbili. Kisha andika mistari mitatu, minne ikizidi. Mfano wake ni huu:

"Jumatatu, saa 7:05 mchana. Meno yamekutana, upande wa kulia zaidi. Ulimi umebanwa juu. Bega la kulia limepanda. Pumzi fupi, inaishia kifuani. Nimetoka kusoma barua pepe ya meneja. Nimeachia meno, yamerudi kabla sijamaliza mstari huu."

Meneja yumo, lakini amekaa mahali pake, kama jina la muuzaji kwenye risiti. Kuhusu taya hasa, madaktari wa meno wana kipimo rahisi ambacho unaweza kukitumia kila unapoandika: mtu akiwa ametulia, midomo hukutana lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, kisha huachana. Huna haja ya kujiuliza kama umekasirika au una msongo, maswali ambayo umeshaona kwamba huwezi kuyajibu kwa wakati. Jiulize tu kama meno yamegusana. Ni ndiyo au hapana, na mhasibu anaweza kuihesabu.

Hapa ningependa nikae kidogo kwenye suala la maneno, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Watu huniambia kwamba wanapoutazama mwili hawana la kuandika zaidi ya "nimechoka" na "ninaumwa". Nao ni wasemaji wa Kiswahili! Lugha yetu imeweka hisia mwilini kuliko tunavyokumbuka. Mwenye wasiwasi roho yake iko juu, au tumbo lake ni joto. Aliyeumizwa amekatwa maini. Mwenye hofu anatokwa na kijasho chembamba, mate yanamkauka, magoti yanagongana. Aliyeguswa na jambo mwili unamsisimka. Wazee walioyatunga hayo walikuwa wameuangalia mwili kwa karibu sana. Shida ni kwamba kwa kusemwa kila siku maneno haya yamegeuka misemo, na msemo huweza kutamkwa na mtu ambaye tumbo lake hajalisikia tangu alfajiri. Ukijikuta umeandika "tumbo joto", simama hapo hapo uliulize tumbo lenyewe: je, kweli ni joto? Ni chini ya mbavu au chini ya kitovu? Linanyonga, linakata, limejaa, au lina uzito tu kama wa mtu aliyemeza jiwe? Mara nyingine utakuta wahenga walisema kweli tupu, na mara nyingine utakuta tumbo lako lina baridi.

Kwa maumivu nako tuna hazina. Kichwa kinaweza kugonga, kupwita, kubana kama kilichofungwa kitambaa, au kuvuta nyuma ya jicho moja; ngozi huwasha, huchoma au huchonyota; mguu hufa ganzi; misuli hukaza au hunyong'onyea; kifuani huja kichomi, na hicho si sawa na kiungulia. Daktari anayeambiwa "kinapwita upande mmoja tangu saa kumi, na mwanga unaniumiza" ana la kufanyia kazi zaidi kuliko anayeambiwa "kichwa kinauma". Usiandike kwa Kiingereza cha ofisini. Nimewaona watu wazima wakijaza madaftari kwa lugha wanayoandikia ripoti, nayo ikatoka ripoti. Kama kuna neno la Kidigo au Kisambaa au Kibondei alilokuwa akilitumia mama yako alipokusugua kifua kwa mafuta, hilo ndilo liandikwe.

Juu ya moyo unaouhesabu: acha kuuhesabu, na nitakueleza kwa nini. Mwaka 1981 mtafiti wa Ujerumani, Rainer Schandry, alichapisha jaribio ambalo watu waliombwa wahesabu mapigo ya moyo wao bila kushika mshipa, huku mashine ikiyahesabu pembeni. Njia hiyo imerudiwa na watafiti wengi tangu wakati ule, na watu wengi wenye afya njema huhesabu vibaya sana. Kwa hiyo hesabu unayoifanya kitandani kwa hofu si kipimo cha chochote, na hofu yenyewe huukimbiza moyo, ukapata ushahidi ambao wewe ndiye uliyeutengeneza. Kuna kuusikiliza mwili na kuna kuupeleleza. Anayesikiliza huandika kilichopo kisha akaendelea na sehemu nyingine. Anayepeleleza hung'ang'ania mahali pamoja, na sentensi yake huanza na "je, isije ikawa". Ukiliona neno hilo kwenye ukurasa wako, usilifute wala usijibishane nalo. Peleka fikra kwenye nyayo, sehemu ambayo haikutishi, andika nyayo zinahisi nini, na ufunge daftari. Kama hofu ya moyo inaendelea kukurudia wiki hata wiki, hiyo inastahili kupelekwa kwa daktari kama ilivyo, kwa jina lake la hofu.

Na ule uchungu wa miaka sita na meneja je? Sikuambii uumeze, maana una haki ya kuusema. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Wanafunzi hao waliandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo, wengine juu ya mambo ya kawaida na wengine juu ya jambo zito kuliko yote yaliyowapata. Walioandika mambo mazito pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi punde tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Mimi hujifunza mawili hapo. Kwanza, kujisikia vibaya baada ya kuandika si dalili kwamba umeharibika. Pili, kazi ile ilikuwa na mpaka: dakika 15, siku 4, basi. Yako ilikuwa wiki tatu, kurasa nne, usiku wa manane, bila ukingo. Basi chukua lile daftari la jalada gumu siku za mapumziko, mchana, weka saa, uandike juu ya meneja kwa siku nne, na ukimaliza umemaliza. Jambo likikuzidi nguvu katikati, acha, uandike jingine. Pennebaker mwenyewe huwaelekeza watu hivyo. Kijidaftari cha mfukoni kisichanganywe na kazi hiyo.

Sharti jingine ambalo sitakuruhusu uliache: kila siku mstari mmoja uwe wa jambo jema. Mtu anayeuangalia mwili wake pale tu unapouma atajifunza kuuogopa. Katika mafunzo ya Worcester huwapa watu zabibu kavu moja waile polepole kana kwamba hawajawahi kuiona. Wewe uko Tanga, una machungwa ya Muheza. Menya moja, sikia mafuta ya ganda yanavyorukia vidoleni, subiri mate yajae kabla hujatia kipande kinywani, na uangalie taya zako zinafanya nini zinapofanya kazi yake halali. Au andika upepo wa baharini unapokufikia shingoni jioni, au kikombe cha kahawa chungu kinavyopasha kiganja hapo barazani. Mistari hiyo mtu huiona ya kitoto kwa siku tano za mwanzo. Ikifika ya kumi, huanza kuitafuta.

Baada ya wiki mbili, soma yote kwa mkupuo mmoja, mchana, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Usitafute sababu, tafuta vitu vinavyokuja pamoja, kama unavyolinganisha taarifa ya benki na daftari lako la fedha. Nikueleze lililonipata. Kwa miaka niliamini kwamba maharage yananiumiza tumbo, nikayaacha, nikawasumbua wenyeji wangu kila nilipoalikwa. Nilipoandika kwa mwezi mmoja, tumbo lilijitokeza kila Jumapili jioni, nikila maharage au nikila wali mtupu, na Jumatatu asubuhi ndiyo siku niliyokuwa na kikao nilichokichukia. Maharage nimeyarudia.

Mkeo mwambie leo. Mwambie kuna daftari, mwambie ni la nini, mwonyeshe ukurasa mmoja wa taya na mabega. Hakuna mwanamke atakayeona wivu juu ya bega lililopanda. Daftari la meneja linaweza kubaki lako peke yako, na mwombe aliache, lakini lisifichwe, kwa sababu kinachomuumiza ni kile kitendo cha kuficha. Halafu umpe kazi. Amekuwa akiuona uso wako kabla yako kwa miaka, naye ni shahidi ambaye umekuwa ukimkatalia. Mkubaliane kwamba badala ya "umekasirika", ambalo linakuita kwenye ubishi, aseme neno moja tu: "meno". Usimjibu kitu. Angalia meno, kisha uandike: saa, alichosema, na ulichokikuta. Baada ya mwezi utajua ni mara ngapi alikuwa sahihi, nami ningeshangaa kama ni chache.

Na aibu yako mbele ya watu wa barazani ina jibu katika jina la kazi yako. Katika Uislamu mtu anatakiwa afanye muhasaba, aichunguze nafsi yake na kuihesabu, na neno hilo limetoka kwenye mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa hesabu na mhasibu. Alikuwapo mwanachuoni mmoja mzaliwa wa Basra, Harith bin Asad, aliyefariki Baghdad mwaka 857, ambaye kwa wingi wa kujihesabu watu walimpa lakabu ya al-Muhasibi. Anayekucheka kwa kujihesabu hajasikia vizuri unafanya kazi gani.

Utakapokwenda tena kwa daktari wa meno, nenda na kijidaftari. Hesabu ni mara ngapi ulikuta meno yamegusana mchana, na kama unaamka na taya zilizochoka, mweleze hilo pia, kwa sababu kusaga usingizini huwezi kukuandika ukiwa umelala, na yeye anaweza kukushauri juu ya kifaa cha kuvaa usiku ili kuliokoa lile gego lenye ufa. Siku ambazo umeupitia mwili wote na hukuona kitu, na mwanzoni zitakuwa nyingi, andika tarehe, saa, na maneno "sijasikia kitu". Usizibe nafasi hiyo kwa hadithi. Anza kesho adhuhuri, mkono ukiwa bado una majimaji ya udhu, na mstari wa kwanza uwe juu ya vidole vilivyoishika hiyo kalamu.